Je, niihame Lyrion niende Navidrome? Maktaba ya taarab na kisomo nyumbani

Gambusi (Mjini, Unguja) – mwanzisha uzi

Assalaamu alaykum, ndugu wasomaji. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo naamini linawahusu wengi wenye muziki wao wenyewe nyumbani, si wa kulipia kwa mwezi. Nina maktaba ya faili ambayo sehemu yake kubwa ni taarab asilia iliyohamishwa kutoka kwenye kaseti na kanda zilizorekodiwa redioni, na sehemu iliyobaki ni kisomo cha Qur'ani, kasida na maulidi. Inaendeshwa na Lyrion Music Server, programu ya kusambaza muziki wa nyumbani ambayo wakongwe wanaijua kwa jina la Logitech Media Server, ndani ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyounganishwa na rauta kwa waya. Ukumbini kuna amplifaya yenye kichezeo chake, yaani kifaa kinachopokea muziki kutoka kwenye kompyuta hiyo, jikoni kipo kingine, na barazani ipo spika inayowashwa jioni. Vijana wa nyumbani wananihimiza niiache programu hii niweke Navidrome, programu nyengine ya kusambaza muziki, kwa hoja kwamba inakaa vizuri zaidi kwenye simu, na mimi sitaki kukubali wala kukataa kabla ya kulipima jambo hili barabara.

Kwanza niseme hoja ambayo siikubali, ili tusipoteze muda juu yake. Wapo wanaosema Lyrion ni programu iliyokwisha kufa. Ilianzia katika kampuni ya Slim Devices ya Marekani, iliyotengeneza vichezeo vya Squeezebox. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006, ikasimamisha utengenezaji wa vifaa mwaka 2012, na mwezi wa Machi 2024 ikaifunga huduma yake ya mtandaoni iliyokuwa ikivihudumia vifaa hivyo. Mtu akisoma mpaka hapo ataona kweli kaburi limeshachimbwa. Lakini msimbo wa programu ulikuwa huria tangu zamani, watu wa kujitolea waliendelea kuutunza, na mwaka huo huo wa 2024 wakaipa jina jipya la Lyrion na kuendelea kutoa matoleo. Seva iliyomo nyumbani haikuhitaji kampuni ili iendelee kucheza. Kwangu mimi hilo si jambo dogo, kwa sababu limeonyesha kuwa mwenye faili zake na programu huria hanyang'anywi muziki wake kwa uamuzi wa mkutano uliofanyika ng'ambo.

Tofauti iliyopo hasa ni ya kazi ambayo kila programu ilizaliwa kuifanya. Lyrion iliundwa ili itawale spika: unakaa na simu mkononi, unaiambia seva ipeleke wimbo ukumbini, au ukumbini na jikoni kwa pamoja, na sauti inatoka sehemu zote mbili bila ya moja kutangulia nyengine. Navidrome, iliyoanza kutolewa mwaka 2020, iliundwa ili muziki uliopo kwenye seva umfuate msikilizaji kwenye kivinjari au kwenye simu yake popote alipo. Inatumia lugha ya mawasiliano ya Subsonic, na kwa hivyo programu nyingi za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya Subsonic zinaunganika nayo bila ya taabu. Kila mtu wa nyumbani anapata jina na nywila yake, na vipenzi vyake havichanganyiki na vya mwenzake. Ipo namna ya kuifanya icheze kupitia sauti ya seva yenyewe, lakini kuziwianisha spika za vyumba mbalimbali si kazi yake.

Kinachonizuia zaidi ni lebo za faili, yaani maelezo ya jina, msanii na mtunzi yanayoandikwa ndani ya faili, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo moyo wa suala ulipo. Chukueni kikundi kimoja tu. Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kwenye kaseti moja kimeandikwa kwa jina hilo kamili, kwenye nyengine kimeandikwa Ikhwani Safaa Musical Club, na kwenye nyengine mwenye kaseti aliridhika kuandika Malindi, kwa sababu kila mtu mjini alijua anawakusudia akina nani. Programu haina ujuzi huo, na kwake hivyo ni vikundi vitatu. Ndivyo ilivyo pia kwa Culture Musical Club ya mwaka 1958, ambayo wengine wameiandika Mila na Utamaduni. Tena ndani ya wimbo mmoja wa taarab yumo mshairi aliyetunga maneno, yumo aliyeutia muziki, yumo mwimbaji, na kipo kikundi. Na sisi wasikilizaji wa huku tunawatafuta wote wanne. Mzee wangu mmoja hutaka kusikiliza tungo za mshairi fulani bila kujali nani aliyeziimba. Toleo la zamani la programu ninalolitumia linamjua mtunzi wa muziki, msanii na kikundi, lakini mtunzi wa maneno halimpi mlango wake mwenyewe.

Kwenye Lyrion upungufu wa lebo nimeumudu kwa sababu ina njia ya pili: unaweza kuipita orodha ya wasanii ukaingia moja kwa moja kwenye folda kama zilivyopangwa kwenye diski. Kisomo changu kingi kinatumika hivyo. Faili zimepewa majina 001, 002 mpaka 114 kwa mpangilio wa sura, ndani hazina lebo hata moja, na kila mtu nyumbani anajua aingie folda gani. Navidrome haina mlango wa folda. Inaonyesha kile tu ilichokisoma ndani ya lebo. Nikihamia leo, sura zote zitarundikana chini ya msanii asiyejulikana.

Basi naomba mlioitumia mniambie: kazi ya kuzisafisha lebo inalipa? Na je, mmeiacha kabisa programu mliyokuwa nayo?

Karafuu (Wete, Pemba)

Wa alaykumu salaam, ndugu Gambusi. Mimi nipo Wete na maktaba yetu ipo kwa kaka yangu Unguja, kwa hivyo nitazungumzia upande ule ambao wewe umeupitia kwa haraka, wa kusikiliza ukiwa mbali.

Sisi tumehamia Navidrome, na sababu kubwa ilikuwa bando. Faili isiyopunguzwa ubora, yenye kiwango cha sidii, inakula takriban megabaiti 635 kwa saa. Ikibanwa kwa FLAC, ambayo haipotezi kitu, inashuka hadi karibu nusu ya hapo au zaidi kidogo. Hata nusu hiyo kwa bando la simu ni mzigo. Navidrome inaweza kuubadilisha wimbo papo hapo wakati unatoka, ikautuma kwa mfumo wa Opus wa kilobiti 96 kwa sekunde, na hapo saa nzima inakula takriban megabaiti 43 tu. Faili iliyopo kwenye diski haiguswi. Na kwa kaseti ya zamani iliyorekodiwa redioni, ambayo mlio wa kanda umo ndani yake tangu mwanzo, sikio langu halioni hasara. Kwenye simu nimeweka kiwango hicho ninapotumia bando, na nikiwa kwenye wai-fai naiacha ilete faili kamili. Programu nyingi za simu zinaruhusu pia kuhifadhi albamu mapema, kwa hivyo boti ya Unguja naipanda nikiwa nimeshabeba muziki wa njia nzima.

Kuna onyo ambalo naliweka kwa msisitizo. Usifungue mlango (port) wa rauta yako ili watu waifikie seva moja kwa moja kutoka nje. Mitandao mingi ya simu hata haimpi mteja anwani yake mwenyewe ya intaneti, kwa hivyo njia hiyo huenda isifanye kazi kabisa, na ikifanya kazi ndiyo hatari zaidi. Lyrion hasa, inayosikiliza kwenye mlango wa 9000, haikujengwa kwa ajili ya kukaa wazi mbele ya dunia, kwani kwa kawaida yake kila aliyemo kwenye mtandao wa nyumbani anaweza kuiamrisha. Sisi tumetumia Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard, mfumo wa mtandao binafsi (VPN), na ina daraja la bure kwa matumizi ya nyumbani: simu yangu na seva ya kaka vinaonana kana kwamba vipo chumba kimoja, na mlango wowote wa rauta haukufunguliwa.

Kuhusu mtunzi wa maneno, matoleo ya Navidrome yaliyotoka mwaka 2025 yanasoma washiriki wa wimbo kwa nafasi zao, yaani mtunzi wa muziki, mtunzi wa maneno na wengineo, kila mmoja mbali. Mzee wako atampata mshairi wake, ilimradi jina lake limeandikwa ndani ya faili. Na mashairi yenyewe ukiyaandika ndani ya lebo, yanaonekana kwenye skrini wimbo unapochezwa. Kwa taarab hilo nalihesabu kuwa ni neema kubwa, kwa sababu wengi wetu tunausikiliza wimbo kwa maneno yake kabla ya ganuni na fidla.

Mizingani (Mji Mkongwe)

Nawasalimu nyote. Naona hakuna aliyeitaja Roon, programu ya kulipia ya kazi hii hii, nami nimeitumia kwa muda wa kutosha kuweza kuipima kwa haki. Kwa uzuri wa kuonekana na kwa namna inavyomwongoza msikilizaji kutoka kwa msanii mmoja hadi mwengine, sijaona ya kuilinganisha nayo. Inawianisha spika za vyumba vingi, na hata vichezeo vya zamani vya Squeezebox inaweza kuvitumia, kwa hivyo vifaa vya ndugu Gambusi visingetupwa.

Hata hivyo, simshauri aichukue. Kwanza ni malipo, ambayo kwa mwezi ni takriban dola 15, na kompyuta yake ya Raspberry Pi haiwezi kuwa seva ya Roon. Inaweza kuwa kichezeo tu, na seva itahitaji mashine yenye nguvu zaidi. Pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, uzuri wake wote unatokana na taarifa inazozileta kutoka kwenye hazina za mtandaoni. Ukiwa na sidii za muziki unaojulikana ulimwenguni, ukurasa unajaa picha, wasifu na majina ya wapiga vyombo. Ukiipa kaseti ya taarab iliyorekodiwa katika onyesho la mjini miaka ya sitini, haina mahali pa kuitafuta. Inabaki kuonyesha kile ulichokiandika mwenyewe. Sasa, ikiwa programu ya kulipia na ya bure zote zitaonyesha maandishi yangu tu, nalipia nini?

Tatu ni utegemezi wa intaneti. Toleo la pili la Roon lilipotoka mwaka 2022 lilikuja na sharti la kuunganishwa na intaneti, na leseni yake inathibitishwa mtandaoni. Sote tunakumbuka tarehe 12 Mei 2024, pale nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Muziki uliopo kwenye diski ya nyumbani kwangu haupaswi kusubiri meli ya kutengeneza waya chini ya bahari.

Gambusi – mwanzisha uzi

Nawashukuru sana. Dada Karafuu, hesabu yako ya bando imenigusa moja kwa moja, kwa sababu shangazi yangu yupo Chake Chake na mara kwa mara huniomba nimtumie nyimbo mojamoja kwa WhatsApp, ambako zinafika bila mpangilio wala majina. Ndugu Mizingani, hoja yako kwamba kwa muziki wetu kila programu hatimaye huonyesha maandishi ya mwenyewe ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nikizilinganisha programu kwa sura zake, na kumbe kilicho muhimu ni kazi iliyomo ndani ya faili.

Nimekwenda kuangalia ni nini hasa kingepotea nikihama. Majina, watunzi, mwaka na picha ya jalada, vyote vikiwa ndani ya faili, vinasomwa na programu yoyote. Lakini idadi ya mara ambazo wimbo umechezwa, na nyota tulizozipa nyimbo, Lyrion inaziweka kwenye hifadhidata yake yenyewe, na Navidrome nayo ina hifadhidata yake. Hizo hazihami zenyewe. Baada ya kufikiri naona sitazisikitikia; nyimbo tunazozipenda tunazijua. Nisingekubali kupoteza majina ya washairi, ambayo baadhi yake nimeyapata kwa kuwauliza wazee ambao sasa wameshatangulia mbele ya haki. Majina hayo hayapo kwenye hazina yoyote ya mtandaoni. Yakibaki kwenye hifadhidata ya programu moja, au kwenye daftari, yatakuja kupotea pamoja nayo.

Limebaki jambo moja ambalo bado linanitia wasiwasi, nalo ni adabu ya kisomo. Nyumbani tunapenda kuiachia programu ichague nyimbo yenyewe bila mpangilio, hasa jioni. Kwenye Lyrion, uchaguzi huo wa bahati unaniruhusu kuziondoa aina nisizozitaka, kwa hivyo Qur'ani nimeipa aina yake na haiingii katikati ya nyimbo. Siwezi kuvumilia programu ambayo itaisimamisha fidla na kuleta nusu ya sura, kisha irudi kwenye ngoma. Je, Navidrome inalimudu hilo?

Karafuu (Wete, Pemba)

Inalimudu, na kwa namna iliyo bora zaidi. Matoleo ya kuanzia katikati ya mwaka 2025 yanakubali maktaba zaidi ya moja ndani ya seva moja. Sisi tumeitenga folda ya kisomo ikawa maktaba ya peke yake, na muziki ukawa maktaba nyengine, kisha kila mtumiaji akapewa ruhusa ya maktaba anazozihitaji. Akaunti ya mama inafungua kisomo na maulidi tu, na mwezi wa Ramadhani kila mtu anabadilisha mwenyewe kwa kugusa mara moja. Ila faili zako za 001 mpaka 114 lazima uzitie lebo, na namba ya wimbo iandikwe ndani, kwa sababu Navidrome inapanga kwa namba hiyo. Programu kama MusicBrainz Picard inaweza kuchukua namba kutoka kwenye jina la faili na kuiandika kwa faili zote pamoja. Angalizo: usiiruhusu ikutafutie albamu yenyewe mtandaoni kwa upande wa taarab, maana inaweza kuigandisha kaseti yako kwenye albamu iliyokaribiana jina na kufuta uliyoyaandika.

Kibatari (Mwanakwerekwe)

Samahani kwa kuingia na upande wa umeme, lakini naona mnazungumza kana kwamba seva haizimiki. Waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 wanajua kukosa umeme ni nini, na hata sasa, pamoja na waya mpya wa megawati 100 uliowekwa mwaka 2013, umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Raspberry Pi yenye mfumo wa kawaida inaandika kwenye kadi ya kumbukumbu kila wakati, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika isiwake tena. Hifadhidata za programu zote mbili ni za SQLite. Ni madhubuti, lakini haziwezi kuiponya kadi iliyokufa.

Kwa vichezeo vya vyumbani nashauri piCorePlayer, programu inayoigeuza Raspberry Pi kuwa kichezeo, ambayo ikishawaka inakaa yote kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta na wala haiigusi kadi, kwa hivyo hata ukichomoa plagi hakiharibiki kitu. Inafanya kazi na Lyrion moja kwa moja, na hiyo ni faida ambayo anayehamia Navidrome peke yake anaiacha. Kwa seva yenyewe, tumia diski ya SSD badala ya kadi, weka UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ambayo itabeba seva na rauta kwa pamoja, na nakala rudufu ya faili iwepo kwenye diski nyengine inayokaa nyumba nyengine. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vifaa. Nimeona plagi za USB zilizoshika kutu katika nyumba zilizo karibu na pwani, na diski yenye plagi mbovu inapotea na kurudi mpaka programu inadhani nyimbo zimefutwa.

Mkunazini (Mjini, Unguja)

Naheshimu michango yote, lakini naona mnaelekea kumshauri mtu aendeshe programu mbili, nami sikubaliani. Programu mbili ni masasisho mawili na vipenzi vilivyogawika mara mbili, na kijana akiongeza albamu atauliza kwa nini inaonekana simuni na haionekani ukumbini, kwa kuwa kila seva inasoma diski kwa wakati wake. Mwenye nyumba akisafiri, nani atayatunza yote hayo?

Ipo njia ya tatu ambayo haijatajwa, nayo ni Music Assistant, iliyokulia ndani ya Home Assistant, mradi huria wa kuendesha vifaa vya nyumbani. Inaweza kuichukua Navidrome kama chanzo cha muziki na kuvitumia vichezeo vya Squeezelite (programu ya kichezeo cha Lyrion), kama alivyo navyo Gambusi, kuwa spika. Kwa hivyo maktaba ni moja, ya Navidrome, na ukumbini inasikika. Inahitaji kumbukumbu zaidi kuliko Lyrion, na kwa Raspberry Pi ya zamani itakuwa nzito, lakini kwa atakayenunua mashine mpya ndiyo njia safi zaidi.

Gambusi – mwanzisha uzi

Ndugu Mkunazini, hoja yako ni nzito na sikuipita juujuu. Ningekuwa ninaanza leo bila ya kitu, pengine ningeifuata. Lakini kwenye njia yako bado programu ni mbili, Navidrome na Music Assistant, na spika za nyumbani zitategemea zote mbili ziwe hai kwa wakati mmoja. Kwa namna ninayoiona mimi, Lyrion ikisimama, simu zinaendelea. Na Navidrome ikisimama, ukumbi unaendelea. Nyumba yenye watu wa rika nyingi inahitaji hivyo. Mzee aliyezoea kubonyeza kitufe kimoja na kusikia redio au kasida, sina haki ya kumbadilishia njia kwa sababu tu kijana anataka programu ya simu yenye sura nzuri.

Kwa hivyo uamuzi wangu ni huu: sihami. Lyrion inabaki kwa ajili ya spika, nitaipandisha kwenye toleo jipya, na Navidrome inawekwa kando yake kwa ajili ya simu na kwa ajili ya shangazi wa Chake Chake. Zote mbili zitasoma folda ile ile, na nitaifungulia Navidrome folda hiyo kwa kusoma tu, ili pasiwe na programu ya kuandika juu ya faili isipokuwa mimi mwenyewe nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta. Kuhusu albamu mpya kuchelewa kuonekana upande mmoja, nitazipangia zote mbili wakati ule ule, usiku wa manane, wa kusoma diski upya.

Kazi ya lebo ninaianza kabla ya kuweka chochote. Nitachagua namna moja ya kuliandika jina la kila kikundi na kushikamana nayo: Ikhwan Safaa zote, pamoja na zile zilizoandikwa Malindi, zitakuwa chini ya Nadi Ikhwan Safaa katika sehemu ya msanii wa albamu, na mwimbaji ataandikwa katika sehemu ya msanii. Mshairi ataandikwa kama mtunzi wa maneno, na pale ambapo jina lake halina uhakika nitaacha wazi. Sitajaza kwa kubahatisha, kwa sababu lebo yenye jina lisilo sahihi ni mbaya kuliko iliyo tupu, maana huaminiwa na kunakiliwa. Maandishi ya asili ya kwenye kaseti nitayahifadhi katika sehemu ya maoni kama yalivyo, pamoja na makosa yake ya herufi. Na kwenye mipangilio ya Lyrion nitaifuta ile orodha ya viambishi vya kurukwa wakati wa kupanga, ambayo imewekwa kwa ajili ya lugha za Ulaya na ndani yake mna "La" na "El". Wimbo wetu unaoanza kwa "La" lazima ukae penye herufi L.

Karafuu (Wete, Pemba)

Nimeridhika na uamuzi wako, na naona unatufaa hata sisi tuliohama. Nakuuliza moja tu: orodha za nyimbo ulizozipanga kwenye Lyrion utazipelekaje Navidrome? Sisi zetu ziliingia tupu.

Gambusi – mwanzisha uzi

Dada Karafuu, nimelijaribu kwa orodha moja na limekubali. Lyrion inahifadhi orodha kama faili za m3u, na ukizifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi utaona kila wimbo una mistari yake. Inayoanza kwa alama ya # ni maelezo ya Lyrion yenyewe, na Navidrome inaiacha. Mstari unaohesabika ni ule wenye njia kamili ya faili, kwa mfano:

/mnt/usb/muziki/taarab/ikhwan-safaa/kaseti-07/a-03.flac

Kama Navidrome yenu imewekwa kwenye kompyuta nyengine, au ndani ya kontena (programu iliyofungiwa katika mazingira yake peke yake), basi folda hiyo inaijua kwa njia tofauti. Inaitafuta hapo penye /mnt/usb, haioni kitu, na orodha inabaki tupu. Nilichofanya ni kuunda folda iitwayo "orodha" ndani ya folda ya muziki, nikainakili m3u humo, kisha kwa amri ya kutafuta na kubadilisha nikaiondoa sehemu yote ya /mnt/usb/muziki/ na badala yake nikaweka ../ tu. Mstari ukawa hivi:

../taarab/ikhwan-safaa/kaseti-07/a-03.flac

Kwa namna hiyo njia inahesabiwa kutoka pale orodha ilipo, popote pale folda itakapohamishiwa. Hifadhi faili kwa UTF-8, hasa kama mna majina yenye herufi za Kiarabu, kisha iambie Navidrome isome maktaba upya. Ikiwa bado kuna nyimbo zinazokosekana, linganisha herufi kubwa na ndogo za majina ya folda, kwa sababu Linux inazitofautisha. Ukikwama, bandika hapa mistari michache ya faili yako pamoja na njia ya folda kama Navidrome inavyoiona, nitaiangalia.